Saa ya mkono ya pembe nane ya kujitengenezea, mashine ya NH35: unene, skrubu na uso

tupa_na_msasa (swali)

Wakuu, naomba macho yenu kabla sijaharibu chuma. Nataka kujitengenezea saa ya mkono yenye roho ya Royal Oak ya Audemars Piguet: pete ya juu ya pembe nane inayoshika kioo (hapa chini nitaiita bezeli), skrubu nane, uso wa vijumba vijumba, kasha lililopigwa msasa lenye kingo zinazong'aa. Hakuna jina wala nembo ya mtu itakayowekwa, ni ya mkono wangu.

Nilivyo navyo: mashine otomatiki ya NH35 yenye tarehe, kioo bapa cha safaya 30 × 1.5 mm na gasketi yake ya nailoni, kizungushio cha kupangia saa pamoja na bomba lake, seti ya mishale. Karakana ina mashine ya kukereza, milingi ndogo (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka) na kichwa cha kugawia cha 40:1. Fito za mviringo za chuma cha pua zipo za 304 na 316L, kipenyo 45 mm.

Nimechora bezeli ya 38 mm kutoka bapa hadi bapa. Je, inakaa? Skrubu ziwe wapi, na nifanyeje mifereji yake ielekee inavyoelekea kwenye ile ya asili? Uso wa vijumba bila mashine ya kuchongea unawezekana? Na mkanda wa chuma unaoungana na kasha nijaribu au niache?

mkerezaji

Mkuu, usianze na pembe nane. Anza na mashine, uijenge saa kutoka ndani kwenda nje. Kitakachofanya kazi yako ifanane au isifanane na unachokitamani ni unene, pembe zinakuja baadaye.

Royal Oak ya kwanza, namba 5402, aliyoichora Gérald Genta na kutoka mwaka 1972, ilikuwa na upana wa 39 mm na unene wa kama 7 mm. Iliwezekana kwa sababu mashine yake, kaliba 2121, ina unene wa 3.05 mm tu. NH35 yako ina 5.32 mm. Sasa rundika kwenye karatasi, kutoka chini kwenda juu:

mfuniko wa nyuma 1.2
nafasi ya rota (uzito unaozunguka nyuma ya mashine) 0.3
mashine 5.32
uso 0.4
nafasi ya mishale hadi chini ya kioo 2.0
kioo 1.5

Jumla 10.72 mm. Hapo hakuna pa kuiba. Ukipunguza nafasi ya mishale, wa sekunde utagusa kioo siku kioo kikibonyea. Ukikonda mfuniko wa nyuma, utajikunja ukiegemea meza na kuikwaruza rota. Utasikia mlio kama punje ya mchanga inazunguka ndani. Ukiona 10.7 ni nene mno, badili mashine: Miyota 9015 ina 3.9 mm, kwa hiyo mrundikano uleule unashuka hadi 9.3. Ila mishale na uso wa NH35 haviingiliani nayo, utaanza kununua upya.

Ukibaki na NH35, unene haupungui ila unafichika. Gawa urefu wa ubavu mara tatu: bezeli 3 mm, kati 5 mm, na zile 2.7 za chini uzikate kwa mshazari kuelekea ndani kama nyuzi 30 hivi. Mkononi sehemu hiyo inaingia kwenye kivuli, na jicho linahesabu 8 tu.

Pembe nane: bapa kwa bapa zidisha kwa 1.0824 upate pembe kwa pembe. 38 inakupa 41.13, kwa hiyo kereza hadi 41.2 ndipo uende milingi. Fito ya 45 inatosha. Urefu wa kila upande ni 38 × 0.4142, yaani 15.74 mm, pima pande zote nane kwa venia, zikitofautiana zaidi ya 0.05 jicho litaona hata kama mwenye jicho hajui anachokiona. Kwenye kichwa chako cha 40:1, mzunguko mmoja wa mkono ni nyuzi 9, basi kila upande ni mizunguko 5 kamili. Huhitaji hata sahani ya matundu.

Asiye na milingi anaweza kutumia kipande cha mraba 38 × 38: pima 11.13 mm kutoka kila kona kwenye pande zote mbili, unganisha alama, kata kona kwa msumeno ukiacha nusu milimita, malizia kwa tupa.

Kasha la kati ndilo tatizo. Fito ya 45 haitoshi. Masikio ya kushikia mkanda yanahitaji kama 48 mm kutoka juu hadi chini, kwa hiyo tafuta ubapa wa 50 × 12 au fito ya 50. Usijaribu kuchomelea masikio. Joto linapinda tundu la mashine, na rangi ya chuma pale pa kuchomelea haitalingana ukishapiga msasa.

kibano

Naongeza kwenye kukereza, maana hapa ndipo pete nyingi zinapofia.

Pete nyembamba haipendi kubanwa na taya tatu. Ukiikata kwanza halafu ukaibana ili utoboe kiti cha kioo, inajikunja kidogo kwenye taya, unatoboa duara safi, unaachia taya, na duara linageuka kuwa na mabonde matatu. Kioo kitaingia pande tatu kikae juu pande tatu, na ukikikandamiza kinameguka ukingo. Safaya haikwaruziki kirahisi, ila ukingo wake unameguka kama kigae. Fanya hivi: tundu la ndani, kiti cha kioo, na uso wa chini wa bezeli, vyote vimalizike kipande kikiwa bado ni sehemu ya fito. Kukata kuwe mwisho. Baada ya hapo kipachike kwenye gongo la alumini ulilolikereza litoshe tundu lako, tone la gundi kali, ndipo uende kwenye milingi. Gundi inaachia ukipasha moto.

Kiti cha kioo: kwa kioo cha 30.0 na gasketi yenye ukuta wa 0.45, toboa 30.85. Hiyo inabana gasketi kama 0.05 ya milimita. Ukifika 30.95 kioo kitaingia kwa kidole, na kitatoka kwa kidole vilevile. Pima gasketi yako kwanza, ukuta unatofautiana kati ya muuzaji na muuzaji.

Chuma cha pua kinagumu pale unapokisugua bila kukikata. Kisu butu, au mkono wa woga unaogusa na kuacha, vinatengeneza ngozi ngumu, na pigo linalofuata linavunja ncha. Kata kina cha uhakika, usisimame katikati, mafuta yatiririke. Kwa kisu cha chuma cha kawaida cha kukereza, kipenyo 42, mizunguko kama 130 hadi 140 kwa dakika. Kwa ncha ya kabaidi unaweza kwenda 600.

304 au 316L? Ukikaa Dodoma chukua yoyote. Ukikaa Mombasa, Tanga, Unguja, chukua 316L. Ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia chumvi ya jasho na bahari isitoboe vijishimo chini ya gasketi, mahali ambapo huvioni mpaka maji yameingia.

tupa_na_msasa

Nimeelewa, nachora upya kasha la kati. Skrubu je? Nilitaka kuziweka katikati ya kila upande.

nati_na_bolti

Usiweke katikati ya upande, hapo ndipo chuma chako kilipo chembamba. Kiti cha kioo kina nusu kipenyo 15.43, bapa liko 19 kutoka kati: umebaki na 3.57 mm. Kichwa cha M1.6 kina 3.0. Utabaki na robo milimita kila upande, na mshazari wa ukingo haujakatwa bado.

Ziweke kwenye pembe. Duara la skrubu liwe na nusu kipenyo 17.8. Hapo kichwa kinabaki na 0.87 kuelekea kiti cha kioo na kama 1.05 kuelekea bapa. Ukikata mshazari wa 0.5 bado una 0.55. Pembe zikiwa nyuzi 22.5 kutoka mhimili, huhitaji kugawa tena. Sogeza meza ya milingi kwa namba hizi kutoka katikati:

±16.45 na ±6.81
±6.81 na ±16.45

Kila alama kwa kila alama, yanakuja matundu nane. Toboa bezeli na kasha vikiwa vimebanwa pamoja, biti ya 1.25 kupita vyote viwili, kisha panua bezeli peke yake hadi 1.7. Ukitoboa kimoja kimoja, skrubu ya nane itakataa, na utaanza kuchokonoa tundu kwa tupa ndogo huku ukijilaumu.

Sasa mifereji. Kwenye ile ya asili, vichwa vya juu vina pembe sita na vimelala kwenye matundu ya pembe sita, kwa hiyo havizunguki kabisa. Kinachokazwa kiko upande wa nyuma. Ndiyo maana mifereji yote imepangwa. Ukitumia skrubu za kawaida za kukazwa kwa juu, kila moja itasimama inapotaka, na hakuna namna ya kuipanga bila kulegeza baadhi, na iliyolegea inaingiza maji.

Una njia mbili za kweli.

Ya kwanza, skrubu za kichwa cha duara zenye tundu la ufunguo wa pembe sita (alinki). Zikazwe kwa juu kwenye kasha lenye nyuzi. Tundu la alinki halina mwelekeo ambao jicho litaulalamikia, na kazi inakuwa nusu.

Ya pili, bolti. Kereza bolti nane zenye kichwa cha duara, kata mfereji mmoja kwa kisu chembamba, zipite bezeli na kasha hadi nyuma. Shika mfereji kwa bisibisi usizunguke, kaza nati kutoka nyuma. Hapo unapanga mifereji unavyotaka. Ila pima upya nyuma: gasketi ya mfuniko lazima ikae ndani ya duara la bolti, kati ya nusu kipenyo 14.6 na 16.5, la sivyo kila bolti ni mlango wa maji. Na kila kichwa kinahitaji pete ndogo ya mpira chini yake.

Kwa saa ya kwanza mimi ningechukua alinki. Sijali watu wa njia ya pili watasema nini.

Kutia nyuzi za M1.6 kwenye 316L: tapu (chombo cha kukatia nyuzi) inakatika. Si bahati mbaya, ndivyo ilivyo. Zungusha robo, rudisha nusu, toa, safisha, tia mafuta mazito ya kukatia, si ya cherehani. Kina cha nyuzi 3 mm kinatosha; kila milimita ya ziada ni nafasi nyingine ya kukatika. Ikikatika ndani, usiigonge. Kwenye chuma cha pua, tapu iliyokatika hutolewa kwa mashine ya cheche za umeme, na kasha lako litagharimu zaidi ya mashine ya saa. Halafu skrubu ya chuma cha pua kwenye nyuzi za chuma cha pua hung'ang'aniana: ukikaza kavu inashika katikati na haiendi mbele wala nyuma. Chembe ya grisi kwenye kila moja, na ukaze kwa kuvukavuka, moja kisha ya upande wa pili, kwa vidole viwili tu.

tindikali

Naja kwenye uso. Vijumba vya asili vinachongwa kwa mashine inayonakili mchoro na kukata mistari. Nyumbani tumia feri kloraidi, ile dawa inayokula shaba ya sakiti, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya redio.

Kipande cha brasi 0.4 mm, kisawazishe juu ya kioo kwa msasa wa 1000, kisha usikiguse kwa kidole. Chapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi laini inayong'aa ya jarida, ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Bandika kwa pasi ya moto dakika tatu hadi nne, loweka, vua karatasi taratibu. Wino unabaki na kukinga. Palipo wazi panaliwa.

Kosa analolifanya kila mtu: dawa hailii kwenda chini tu, inakula pembeni pia, karibu sawa na kina. Ukichora mfereji wa 0.15 na ukaula kina cha 0.08, utatoka na mfereji wa kama 0.31. Kwa hiyo kwa vijumba vya hatua ya 1.0 mm chora mistari ya 0.15, utabakiwa na vijumba vya karibu 0.69. Ukichora 0.3, utapata mfereji wa 0.46, na ukingo wa kijumba utakuwa umevunjikavunjika kama biskuti iliyoloa. Kipande kielee kifudifudi ili uchafu udondoke chini, ukikague kila dakika tano. Chombo kiwe cha plastiki, glavu mkononi, na usimwage kwenye sinki.

Upande wa nyuma uupake rangi ya kucha kabla ya kuzamisha, la sivyo uso wako utakonda wote.

Miguu ya uso, yaani vijiti viwili vinavyoingia kwenye matundu ya mashine, ichomelewe kwa risasi kabla ya rangi. Ukishapaka rangi ndipo ukumbuke miguu, joto litaivimbisha. Rangi yenyewe iwe ya kupuliza, nyembamba sana, mara tatu. Koti moja nene linajaza mifereji na unabaki na uso wa sahani ya bati.

Kipenyo cha uso 28.5, tundu la kati 2.0. Dirisha la tarehe lipime kwenye mashine yako yenyewe, usilinakili kwenye picha. Unaweza pia kuacha dirisha kabisa, ila kizungushio kitabaki na mbofyo mmoja usiofanya kitu kinachoonekana. Anayekerwa na hilo achukue NH38, haina tarehe.

mkerezaji

Kuhusu kung'arisha, kuna mpangilio ambao watu wanaugeuza. Ng'arisha mishazari kwanza, piga msasa bapa baadaye.

Mshazari: msasa 600, 1000, 2000, umezungushwa kwenye kijiti cha mbao ngumu kilicho bapa, kisha unga wa almasi wa maikroni 3 kwenye kijiti kingine. Usiguse gurudumu la kitambaa. Gurudumu ni laini, linajikunja kwenye ukingo, na ukingo ukishapata mviringo saa nzima inafanana na sabuni iliyotumika. Ndipo uweke msasa wa 400 juu ya kioo cha dirisha, bezeli kifudifudi, uvute upande mmoja tu, usirudishe. Mivuto kumi na tano, badili kwenda 600, mingine kumi. Kwa kuwa kioo ni bapa, msasa haufiki kwenye mshazari, na mpaka kati ya kung'aa na mikwaruzo unakuwa mkali kama wembe. Ukingo huo ndio unaolipiwa kwenye saa zile.

kibano

Hapo tunatofautiana kidogo. Mshazari ukiwa mdogo kuliko 0.4 mkono hauwezi kuushika sawa, utaupoteza wakati wa kupiga bapa. Bora aanze na 0.6 na auache ushuke hadi 0.5.

mkerezaji

Kweli. 0.6 kuanzia.

saa_za_ukutani

Kuunganisha, na hapa zima feni. Vumbi moja chini ya kioo utaliona kila siku.

Kijiti cha kizungushio kinatoka kwa kubonyeza kitone kidogo kilicho karibu nacho upande wa rota. Bonyeza kwa wepesi huku ukivuta. Ukibonyeza kama kengele ya mlango, vyuma vya ndani vinahama mahali pake, na kijiti kikirudi hakishiki tena. Itabidi uvue mishale na uso ili urekebishe.

Kukata kijiti: kiingize kizima kikiwa na kizungushio, pima pengo kati ya kizungushio na kasha, kata pungufu ya 0.2, malizia kwa tupa. Kirefu, kizungushio kinaacha pengo na gasketi haibani. Kifupi, kinachomoka ukivuta kupanga saa. Nyuzi za kijiti ni za 0.9 mm. Na tundu la bomba kwenye kasha lilingane na kimo cha kijiti, yaani umbali wake chini ya uso. Chukua kipimo hicho kwenye mchoro wa kiufundi wa mashine, usikitafute kwa venia. Bomba lisukumwe na chembe ya gundi ya Loctite 638.

Mishale ya NH35 ina matundu ya 1.5, 0.9 na 0.2. Vuta kizungushio hadi mwisho, zungusha mbele mpaka tarehe iruke, simama hapohapo. Hiyo ni saa sita usiku. Weka mshale wa saa na wa dakika vyote juu. Kati ya mshale na mshale ubaki upenyo wa 0.2 hivi. Zungusha saa 24 nzima ukitazama kutoka ubavuni, maana ikigusa inagusia mahali pamoja tu. Wa sekunde ndio unaotesa: bomba lake ni jembamba kuliko unavyodhani, likiingia kombo usilikandamize, litoe.

Kuijaribu maji: kasha lifunge likiwa tupu, bila mashine, tia kwenye bilauri ya maji ya vuguvugu na utazame vipovu. Ikishakuwa na mashine ndani, iweke juu ya kitu chenye nyuzi joto 40 hadi 45 mpaka ipate joto, weka tone la maji ya baridi juu ya kioo, futa baada ya dakika moja. Ukungu ndani ya kioo maana yake unyevu umo. Ukungu ukiwepo usiseme utakauka wenyewe.

Mwendo: programu ya simu inayosikiliza mapigo inatosha, weka nyuzi 53 kwenye kipengele cha pembe ya mizani na 21,600 kwenye mapigo kwa saa. Mtengenezaji anakubali kati ya sekunde −20 na +40 kwa siku, kwa hiyo usishangae. Pale juu ya gurudumu la mizani kuna mikono miwili midogo. Mmoja unaongeza na kupunguza mwendo, mwingine unarekebisha usawa wa mapigo. Watu wengi husogeza wa pili wakidhani ni wa kwanza. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, usiguse mkono wowote, imeshikwa na sumaku. Tafuta kifaa cha kutoa sumaku.

Na usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa 3 usiku na saa 7 usiku, meno ya tarehe yanakuwa yameshikana.

nati_na_bolti

Mkanda wa chuma wa kuungana na kasha uache kwa sasa. Viungo zaidi ya ishirini, kila kimoja kinapungua upana kidogo kuliko cha kabla yake. Ni kazi kubwa kuliko saa yenyewe. Tengeneza kipande kimoja cha mwanzo kwa kila upande, 316L, kinachojaza nafasi kati ya masikio, na mkanda wa ngozi uanzie hapo. Macho yanadanganyika vizuri.

Na kwa wanaosoma hapa wakiwaza kuuza: kutengeneza yako ni jambo moja, kuweka nembo ya kampuni na kuipeleka sokoni ni bidhaa bandia. Tanzania utakutana na FCC (Tume ya Ushindani), Kenya na ACA (mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia). Hata bila nembo, umbo la pembe nane lenye skrubu nane lina wanasheria wake. Kwa mauzo, chora lako.

saa_za_ukutani

Nimesahau kitu kwa anayetaka saa ya kwetu hasa. Tarehe ikiruka, weka mshale wa dakika juu kwenye 12, ila wa saa uuelekeze chini kwenye 6. Basi. Kuanzia hapo saa moja asubuhi inasomeka moja, saa sita inasomeka sita, na hujabadilisha kitu kwenye mashine wala uso.

tupa_na_msasa

Hiyo ya mwisho naifanya. Nimebadili mchoro: 10.7 na mshazari wa chini, skrubu kwenye pembe, alinki, mkanda wa ngozi. Bezeli ya kwanza nitaitoa kwenye brasi kwa kujaribia vipimo, ndipo niende 316L.

kibano

Vizuri, ila brasi inavuta. Biti iliyonolewa kwa chuma ikitokeza upande wa pili inajipachika na kupanda na kipande chako. Sugua makali yake kidogo kwa jiwe mpaka uso wa ukataji usimame wima, halafu ndipo utoboe yale manane.